Ratatui la Mama: shajara ya wiki tano jikoni, Malindi

Jumamosi, 11 Januari

Nimeanza leo. Mwezi uliopita Mama alirudi kutoka kliniki na maagizo mawili: apunguze chumvi, apunguze mafuta. Chumvi ameipunguza bila kelele. Mafuta ndiyo yametutia mashakani. Kwa Mama biringani halijawa biringani mpaka liogelee kwenye karai, linywe mafuta lilegee kabisa, ndipo litiwe nyanya na thomu na kukamuliwa ndimu. Nikimpikia la kuchemsha hulisogeza kwa kidole hadi pembeni mwa sahani. "Hiki chakula cha mgonjwa," anasema, "na mimi siumwi."

Kwa hiyo nimejipa kazi ya kutafuta mchuzi wa biringani usiopita karaini lakini Mama akiula aulambie vidole. Nimechagua ratatui la Kifaransa, chakula cha mji wa Nice, kusini kabisa mwa Ufaransa kwenye pwani ya Mediterania, kwa sababu karibu mboga zake zote Mama anazijua: biringani, nyanya, pilipili hoho, kitunguu, thomu. Ngeni ni zukini peke yake, kiboga kirefu cha kijani kinachofanana na tango, na hata hiyo kwa Malindi si ngeni sana. Waitaliano wamekaa mji huu miaka mingi, na mama mboga wa sokoni anakutajia zukini kama anavyokutajia mchicha.

Chombo ni kikaango cha hewa cha lita 4, wati 1,500, zawadi ya kaka yangu, ambacho mpaka leo kimeona viazi na sambusa tu. Dukani wanakiita eafraya. Mama anakiita jiko la upepo, na naona yeye ndiye aliyepatia. Philips walipoanza kuuza chombo cha namna hii mwaka 2010 walikitangaza kwa jina la kukaanga, lakini ndani yake hakuna kinachokaangwa. Juu mna koili ya moto na feni, na feni hiyo inaizungusha hewa ya moto kwa nguvu kwenye kikapu chenye matundu. Ni kuoka kwa upepo mkali.

Nilipomtajia jina la chakula, Mama aliuliza jambo moja tu. "Ratatui. Tui lake la nazi ngapi?"

Nikamwambia halina tui. Akanyamaza. Naamini alikuwa ameshaanza kulionja.

Jaribio la kwanza: nilikata mboga zote vipande vya inchi moja, jumla kilo moja na nusu, nikazichanganya na vijiko viwili vya mafuta ya zeituni, nikajaza kikapu mpaka juu. Nyuzi 180, dakika 25. Nilipovuta droo mvuke ulinipiga usoni. Zukini imekuwa uji, biringani la kijivu na katikati bado gumu, na chini ya kikapu maji kikombe kizima. Nikilifikiria sasa kosa naliona. Zukini na nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na biringani haliko mbali. Ukizishindilia pamoja hewa haipati njia, maji yanageuka mvuke, na maadamu mboga imelowa joto lake haliendi mbali na nyuzi 100. Ile rangi ya dhahabu, pamoja na ladha inayokuja nayo, inataka uso wa mboga ukauke kwanza ufike nyuzi 140 hivi. Kumbe leo nilikuwa nachemsha tu.

Mama alikula kwa adabu.

Jumanne, 14 Januari

Mjomba amepita baada ya alasiri. Amepika kwenye majiko ya Waitaliano hapa na Watamu tangu mimi mtoto. Nilipomweleza ninachokifanya akasema hicho anakijua, kinaitwa kaponata. Tukabishana mpaka magharibi. Kaponata ni ya Sisilia, nayo ina siki, sukari kidogo, zeituni na seleri. Ratatui halina siki wala sukari, utamu wake unatoka kwenye kitunguu na nyanya zilizoiva. Lakini Mjomba hakukosea kuona udugu, na ndiye aliyenikumbusha kwamba Nice yenyewe iliingia Ufaransa kwa kudumu mwaka 1860 tu. Kabla ya hapo ilikuwa chini ya wafalme wa Sardinia.

Neno aliloniachia nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye daftari: USIZIPIKE PAMOJA. Kila mboga ikaangwe peke yake kwa zamu yake, zikutane kwenye sufuria mwishoni. Wapishi wa kule Provence, eneo la kusini mwa Ufaransa, nao wanalibishania. Wako wanaotia kila kitu chungu kimoja, na wako wanaofuata njia ndefu. Jina lenyewe linawapendelea wale wa chungu kimoja, kwa kuwa touiller kwa Kifaransa ni kukoroga, na zamani ratatouille lilikuwa jina la mchuzi wowote wa kuvurugavuruga. Askari wa Ufaransa walilikata neno wakaita chakula chao cha kambini rata. Mimi nafuata njia ndefu, maana ile fupi nimeshaiona Jumamosi.

Jumapili, 19 Januari

Kabla ya kupika nilimwomba Mama anikaangie biringani kama alivyozoea, mara moja tu, nipime. Nusu kilo, karai lake, na mafuta niliyoyapima kwa kikombe chenye mistari: mililita 400. Vipande vyote vilipotoka nikayaacha mafuta yapoe, nikayachuja, nikayarudisha kikombeni. Yalikuwa 280. Mililita 120 zimekwenda na biringani. Mama alikichukua kikombe bila kusema kitu, akaenda nacho dirishani penye mwanga, akausoma mstari mwenyewe.

Biringani lina tabia ya sponji. Ukilikata bichi ukalibonyeza kwa kidole, linabonyea kisha linarudi, kwa sababu nyama yake imejaa vishimo vya hewa. Likiingia karaini, hewa inatoka na mafuta yanachukua nafasi yake. Dawa ya tangu zamani ni kulinyunyizia chumvi, likae nusu saa litoe maji, vile vishimo visinyae, kisha lioshwe na kukamuliwa. Kwa mtu aliyeambiwa apunguze chumvi sitaki njia hiyo, hata likioshwa mara tatu.

Basi nikakimbilia upande wa pili kabisa nikapika bila tone la mafuta. Nyuzi 200, dakika 15. Likatoka kama soli ya kiatu. Nje limekauka, ndani pamba. Feni inaukausha uso kabla joto halijaingia ndani, na mafuta ndiyo ambayo yangeushika uso huo na kuupitisha moto. Kwa hiyo mafuta lazima yawepo. Kilichobaki ni kujua mangapi.

Mama hakulimaliza, nami sikumlazimisha.

Jumamosi, 25 Januari

Leo kuna maendeleo ya kweli, na hasara moja kubwa.

Kijiko kimoja cha mezani kwa nusu kilo ya biringani, yaani mililita 15. Kazi yote iko mkononi. Ukimimina mafuta juu ya biringani, vipande vitatu vya kwanza vinayanywa yote na vilivyobaki vinakosa. Nimetia mafuta kwenye bakuli tupu, nikalizungusha mpaka yakapaka pande zote, ndipo nikatia biringani na kulichanganya kwa viganja haraka haraka, kila kipande kigusane na bakuli na kigusane na mkono. Vikatoka vinang'aa kidogo tu, kama kucha zilizopakwa mafuta. Kisha tabaka moja kikapuni, kipande kisipande juu ya kingine. Hiyo maana yake nusu kilo inakwenda kwa awamu mbili, na hapo hakuna njia ya mkato. Nyuzi 200, dakika 14, ya saba nikatikisa kikapu.

Lililofuata sikulipanga. Simu iliita, nikavimwaga vipande vya moto ndani ya sufuria, nikafunika, nikaenda kuongea. Niliporudi baada ya dakika kumi vilikuwa vimelegea kwa mvuke wao wenyewe. Ganda lililotoka kikapuni limekakamaa kama karatasi sasa lilikuwa laini, na nyama yake inapondeka kwa ulimi. Nilisimama pale jikoni nikala vipande vitano bila chumvi. Ulaini ule ndio Mama anaoutafuta karaini.

Pilipili hoho nimeziweka nzima, nyuzi 200, dakika 18, mpaka zikatoa malengelenge meusi, kisha kwenye bakuli lililofunikwa. Ganda linachunika lenyewe. Zukini, nusu kijiko cha mafuta, dakika 9 tu, zaidi ya hapo inajifia. Nyanya nimezikata nusu, ganda juu, nyuzi 180, dakika 12. Ganda linajikunja unalivuta kwa vidole viwili, na ile supu nyekundu inayodondoka chini ya kikapu usiimwage kamwe, ndiyo maji ya mchuzi wako. Mama mboga aliniambia nyanya hizi zimetoka Taveta, na zilikuwa zimeiva mpaka ndani. Nyanya za kuivia njiani, zenye moyo mweupe, zinatoa maji bila ladha.

Sasa hasara. Nilikata thomu vipande vyembamba nikaitupia juu ya zukini pamoja na majani makavu ya thaimu. Feni ikavipeperusha vyote. Vingine vikanasa kwenye koili, vikaungua hapohapo, na uchungu ukaingia kwenye kila kitu kilichopikwa baada yake. Nyumba ilinuka moshi mpaka isha. Chombo kilipopoa nilikipindua nikaisugua koili kwa mswaki laini, punje moja moja. Kuanzia leo kitu chepesi hakiingii kikapuni: thomu, kitunguu kilichokatwa chembamba, majani ya aina yoyote. Vyote hivyo ni vya sufuriani.

Jumamosi, 1 Februari

Ratatui la Nice linataka rihani. Kule wanaipenda kiasi kwamba huitwanga na thomu na mafuta ya zeituni, wakaita pistou, wakatia kwenye supu. Hapa kwetu mrihani uko mlangoni, Mama ameupanda kwenye debe na anaumwagilia kabla ya kunywa chai, na kazi yake nyumbani humu ni moja: kikuba. Rihani na asumini vinafungwa pamoja, vinavaliwa, na mtu akipita na kikuba chake unajua kuna harusi. Nilipomwomba Mama vijitawi viwili vya kutia mchuzini alinitazama kana kwamba nimeomba kupika udi.

"Rihani huvaliwa, mwanangu. Hailiwi."

Sikubishana naye. Nilichuma jani moja, nikalisugua kwenye nusu ya nyanya iliyotoka kikapuni sasa hivi, nikamnusisha. Alifumba macho. Akavuta pumzi tena. Kisha akajitanda leso akatoka mwenyewe kuchuma, akarudi na zaidi ya nilizoomba, na onyo: nisije siku moja nikaenda nyuma ya nyumba kuchuma kivumbasi nikidhani ni hiyo, maana kivumbasi ni cha kufukuza mbu.

Saa kumi na nusu jioni stima ikapotea. Biringani limekwisha, hoho zimekwisha, zukini imebakisha dakika nne. Kaskazi inavuma, jikoni joto halivumiliki, nami nikataka kulia. Mama akawasha jiko la mkaa uani bila kuniuliza. Nikakaanga vitunguu viwili kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka vikawa rangi ya asali, nikatia thomu na thaimu, nikatia nyanya na supu yake. Mkaa uliposhika jivu jeupe, moto umetulia kabisa, nikaingiza biringani, hoho na zukini. Sikukoroga. Niligeuza mara mbili tu kwa mwiko, kutoka chini kuja juu, mboga zisivunjike. Dakika 25, kifuniko nusu wazi.

Mchuzi ukakaza. Nyanya ikaacha kuwa maji ikawa kitu kinachoshikamana na mboga, na kila mboga bado ina sura yake. Hili ndilo nililolikosa wiki zote hizi: kikaango cha hewa hakiwezi kutengeneza mchuzi, na nilikuwa nakidai kisichokuwa kazi yake. Upepo hukausha, mchuzi unataka unyevu na utulivu. Kazi yake ni ile nusu ya kwanza ambayo zamani ilikuwa ya karai, kuipa kila mboga rangi na ulaini wake. Nusu ya pili ni ya sufuria na moto mdogo, na hapo hakuna mashine inayohitajika.

Tulikula gizani na taa ya simu. Mama aliongeza.

Jumanne, 4 Februari

Bakuli lililobaki Jumamosi nimelila Jumapili likiwa baridi, na lilikuwa zuri kuliko moto. Ladha zimeingiliana, mafuta machache yaliyomo yamekusanya harufu ya rihani. Wafaransa nao hulila hivyo, la moto au la baridi, nami sasa nalipika siku moja kabla.

Dada amenitumia picha ya ratatui la vipande vya duara vilivyopangwa kama shanga mpaka sahani ikajaa, akauliza mbona langu halifanani. Lile lina asili yake mbali. Michel Guérard, mpishi wa Kifaransa, ndiye aliyeanzisha mpango huo mwaka 1976, alipokuwa akitunga vyakula vyepesi kwa watu wanaopunguza uzito: badala ya kukaanga mboga, akazikata nyembamba, akazipanga mbichi, akazioka. Alilipa jina la byaldi, kutoka kwenye chakula cha Kituruki kiitwacho imam bayıldı, yaani "imamu alizimia", ambacho ni biringani la mafuta ya zeituni. Hadithi hiyo Mama aliipenda kupita kiasi. Ameniambia imamu hakuzimia kwa utamu, alizimia alipoona mafuta yaliyotumika, na wako Waturuki wanaoisimulia hivyohivyo. Kumbe nusu karne iliyopita mtu mwingine alikuwa na shida yangu hasa. Lakini vipande vyembamba kwenye upepo vinaruka na kukunjana, nimejaribu sahani moja leo mchana. Nabaki na vipande vyangu vya inchi.

Jumamosi, 8 Februari

Hili ndilo toleo ninaloliandika kwa wino.

Biringani nusu kilo na ganda lake, kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni, awamu mbili za dakika 14 kwa nyuzi 200, kisha lifunikwe dakika 10. Hoho tatu, moja nyekundu ukiipata, nzima, dakika 18, zifunikwe, zichunwe, zikatwe mapande. Zukini mbili za wastani zisizozidi unene wa mpini wa mchi, maana kubwa zimejaa mbegu na maji, nusu kijiko cha mafuta, dakika 9. Nyanya nane zilizoiva, nyuzi 180, dakika 12, maganda yatoke, supu ihifadhiwe. Wakati kikapu kinafanya kazi, sufuria iko kwenye moto mdogo: vitunguu viwili kwa kijiko kimoja cha mafuta, dakika 15 bila haraka, thomu punje nne, thaimu robo kijiko cha chai. Nyanya na supu yake ziingie, zikaze dakika kumi, kisha mboga nyingine zote, dakika 25, mwiko uguse mara mbili. Moto ukizimwa, nusu kijiko cha mwisho cha mafuta ya zeituni juu yake, na rihani iliyochanwa kwa mkono. Kisu kinaitia weusi. Chumvi nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima ya watu sita, na haijalalamikiwa.

Mafuta yote ni vijiko vitatu, mililita 45, kwa mboga zote. Karai lilitumia 120 kwa biringani peke yake. Kikapu kimefanya kazi dakika 67, na mita ya stima imeshuka yuniti 1.3.

Mama alikula na boflo. Nilikaa mbali kidogo nisimtazame sana. Alimaliza, akaifuta sahani kwa kipande cha mwisho cha mkate mpaka ikawa nyeupe, akaniita.

"Labeka, Mama."

"Hili lina mafuta. Usinifiche."

Nikamletea kijiko, nikamletea chupa niliyoichora mstari kwa kalamu kabla ya kuanza. Akaenda nayo dirishani.

Ijumaa, 14 Februari

Ratatui limepikwa mara mbili wiki hii na sijaligusa mimi. Jumatano nilirudi kutoka kazini nikamkuta Mama amevuta kiti mbele ya jiko la upepo, anahesabu dakika kwa saa ya ukutani kwa kuwa haiamini ile ya chombo. Karai lake sijaliona, nadhani liko juu ya kabati.

Leo wifi yangu amepiga simu kutoka Mombasa. Mfungo unakaribia na anataka kitu chepesi cha kuweka kwenye futari pamoja na viazi vya nazi. Mama aliichukua simu kabla yangu. Nilikuwa nakunja nguo, nikamsikia akimpa yote kwa mpango: biringani lisijazane, thomu isiione feni, hoho ifunikwe, mwiko uwe na subira, rihani ya mlangoni na si kivumbasi. Hakukosea hata dakika moja. Kisha akanyamaza, anasikiliza swali upande wa pili.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Halina tui."